Kwa Nini Mrusha Kisahani Hutoka kwa Nyuma ya Duara

Nuna utakavyo, Ngusa, lakini mrusho wako nimeufuta na hautarudi. Umetupa vizuri, nani kakataa? Kisha ukafurahi, ukatoka kwa mbele. Miaka ishirini na sita nimekuwa mwamuzi wa duara hili, na kila mwaka nafokewa na kijana mwenye mabega mapana kwa sababu hiyo hiyo. "Bi Holo, kutoka mbele kuna kosa gani?" Haya, kaeni chini wote, na wa mkuki pia waje. Nitasema mara moja, maana habari hii hainipendezi kuirudia.

Zamani duara la kurushia lilikuwapo, tena la majivu, ila mlango wake ulikuwa mbele. Nchi saba zilikutana mbugani Isenga kila baada ya miaka saba, kila nchi na mrushaji wake mmoja, mwanamume. Kisahani kilikuwa cha mti wa mninga kilichofungwa ukanda wa chuma, na kikiwa angani kilivuma vuuu, wa mbali akakisikia. Mrushaji akishatupa alitoka kwa mbele, akaenda kwa miguu yake mpaka kisahani kilipoangukia, akakanyaga alama yake na kutaja jina la baba yake. Asipokanyaga, hakurusha.

Kilichoshindaniwa si kombe, wala si picha ya gazetini. Lilikuwa ziwa la chumvi. Nchi iliyoshinda ilichota chumvi miaka saba, nyingine zikaomba. Na katika nchi zote saba hakuna iliyoteseka kama Ulunga. Hawakuwa wameshinda tangu babu zao. Watu walikula mboga chukuchuku, na ng'ombe walilamba mawe na kuta za nyumba wakitafuta ladha ya munyu, wakakonda, ndama wakafa.

Sasa sikilizeni desturi iliyoharibu mambo. Katikati ya uwanja, kule kisahani kinakoanguka, alisimama mshika kigingi. Kazi yake ilikuwa kuchomeka kigingi pale pale kilipogusa ardhi. Na mshika kigingi alikuwa sharti awe baba wa mrushaji au ndugu yake wa tumbo moja, kwa sababu zamani zaidi wageni walikuwa wakivisogeza vigingi. Nani atamwamini mgeni na kigingi cha mwanawe? Tena mzee wa heshima hakusimama karibu. Kusimama karibu ni kumwambia mwanao mbele ya watu kwamba hana nguvu. Alisimama mbali, pale anapoamini kisahani kitafika, akakingoja.

Mrushaji wa Ulunga mwaka ule aliitwa Luhende, mwana wa pekee wa mzee Shigela na mkewe Nkwimba. Mikono yake ilikuwa mirefu, naye mpole, hana maneno. Ulunga nzima ilikuwa imemwekea matumaini yake yote. Lakini nyumba ile ilikuwa na siri. Mzee Shigela alikuwa haoni. Ukungu ulimwingia machoni polepole, mwaka baada ya mwaka, hadi akawa anamjua mtu kwa hatua zake. Waliojua ni watatu tu: yeye, mkewe na mwanawe.

Wangesema, Luhende angekosa mshika kigingi, maana hakuwa na ndugu. Bila mshika kigingi hakuna kurusha, na bila kurusha hakuna chumvi. Basi wakanyamaza. Mzee alimwambia mwanawe, "Wewe tupa tu. Mimi masikio ninayo." Na kweli walifanya mazoezi msimu mzima nyuma ya zizi. Mzee alisikiliza mvumo, akajua kisahani kinapita juu au kinamjia. Kikimjia, alipiga hatua mbili kando. Kikidunda, aliufuata mshindo na kuchomeka kigingi bila kukosea. Nkwimba alikuwa akisimama pembeni na kuwaangalia kwa hofu. Baadaye hata yeye alizoea. Ndiyo hatari ya mambo, binadamu huzoea.

Siku ilipofika, Nkwimba alimwongoza mumewe mpaka ukingo wa uwanja, amemshika mkono kama mke anayemheshimu mumewe, hakuna aliyeshuku. Mrusho wa kwanza wa Luhende ulikwenda sawasawa. Wa pili ukazidi. Mara zote mbili mzee alikwepa kidogo, akafuata mshindo, tok, kigingi kikazama. Watu wa nchi nyingine walimsifu. "Mzee yule ana macho ya mwewe!" Maskini, hawakujua walisemalo.

Mbele yao kilibaki kigingi kimoja, cha mtu wa Buhela, hatua hamsini kutoka kwenye duara. Kila mrushaji alikuwa na mirusho mitatu, na Luhende alibakiwa na mmoja. Mzee Shigela alimsikia mwamuzi akitangaza hizo hamsini, na hatua za mwanawe pia. Akarudi nyuma akihesabu hatua kutoka kigingi cha mwanawe, akakipita kigingi cha Buhela kwa hatua mbili nzima. Hapo akasimama. Ulunga wote waliona, na wengi walilia kwa fahari, kwamba baba anamwamini mwanawe kiasi kile.

Luhende akaingia duarani. Akazunguka mara moja, ya pili, akaachia. Wallahi, kisahani kile hakikuwa kimewahi kutoka mkononi mwake namna ile. Kilipanda, kikajilaza kwenye upepo, kikaenda. Kila mwenye macho alijua kwamba kitapita hamsini.

Nkwimba naye alijua. Miaka yote ile ya mboga chukuchuku ikamtoka kifuani kwa mara moja, na akapiga kigelegele.

Alipiga yeye kwanza. Wanawake wote wa Ulunga wakampokea, mia na zaidi, uwanja ukajaa sauti. Katikati ya vigelegele vile Luhende alimwona baba yake anageuza kichwa huku, anageuza kule, mikono imetanuliwa, anautafuta mvumo. "Baba, lala chini! Lala!" Hakuna aliyemsikia, hata aliyekuwa karibu naye. Mzee akapiga hatua mbili kando kwa kubahatisha, na hatua hizo ndizo zilizompeleka chini ya kisahani. Kilimpata kichwani. Alianguka na kigingi mkononi.

Vigelegele havikukatika kwa pamoja. Walio nyuma waliendelea kwa muda, wakidhani mzee ameinama kuchomeka.

Waamuzi watatu walikwenda, wakatazama, wakashauriana mbele ya maiti. Wakarudi na kusema, "Kisahani kimefika aliposimama mzee, na mzee alisimama mbele ya kigingi cha Buhela. Mrusho ni halali. Mrushaji na atoke, akakanyage alama yake, amtaje baba yake."

Luhende hakutoka. Alisimama ndani ya majivu. Mtemi wa Ulunga alimjia mpaka mlangoni pa duara, akamsihi kwa sauti ya chini. "Toka, mwanangu. Ni hatua hamsini na mbili tu. Ng'ombe wetu wanalamba kuta."

"Alama yenyewe ni baba, mtemi."

"Najua. Lakini baba yako amekwisha kufa. Usipotoka, amekufa bure."

Msimlaumu mtemi yule haraka. Alikuwa na watu wake, na alilosema lilikuwa na ukweli. Mimi mwenyewe nimeliwaza mara nyingi.

Luhende alitazama mbele. Kule mama yake alikuwa ameketi chini, kichwa cha mumewe mapajani, khanga yake imelowa. Nkwimba akainua uso. Angeweza kumwita, na angemwita, Luhende angekwenda, na chumvi ingekuwa yao. Akampungia mkono kwamba arudi nyuma. Akasema kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, kwa kuwa sasa palikuwa kimya, "Usije huku. Aliyemwua ni mimi. Rudi ulikotoka, mwanangu."

"Alikuwa haoni, mtemi," Luhende akasema. "Nilijua, na nikatupa."

Akageuka. Akatoka duarani kwa nyuma, akiyakanyaga majivu, akashika njia ya kwao bila kutazama nyuma. Waamuzi walingoja mpaka jua lilipozama, kama sheria ilivyotaka. Hakurudi. Alama haikukanyagwa, kwa hiyo mrusho haukuwapo, na chumvi ikaenda Buhela.

Ulunga iliteketea. Sitawadanganya kwamba kulitokea muujiza. Mifugo ilikufa, watu wakatawanyika kwa wajomba wa mbali, na wako waliomlaani Luhende mpaka kaburini. Mama na mwana waliishi nyumba moja na hawakulizungumza kamwe.

Miaka saba ikapita, nchi zikakutana tena, sita, Ulunga haikuwa na mtu wa kumleta. Wa kwanza kurusha alikuwa yule yule wa Buhela. Alitupa mbali. Akapiga hatua aende mbele kukanyaga alama, akasita. Alikuwa amekula chumvi ile miaka saba. Aliitazama ile nafasi mbele yake, kisha akageuka, akatoka kwa nyuma. Hakuna aliyemwamuru. Wa pili akafanya hivyo hivyo, na wa tatu. Wa nne alikuwa mwenye kiburi, akatoka kwa mbele akijigamba. Watu wakainuka wote, wakampa kisogo, na mwamuzi akaenda akang'oa kigingi chake.

Na kuanzia hapo, mrusha kisahani, awe wa nchi gani, hutoka kwa nyuma ya duara, na akitoka kwa mbele mrusho wake hufutwa. Alama hupimwa na mtu baki asiye wa damu yake. Wenye vitabu vya sheria watawapa sababu nyingine, nanyi wakiwauliza kwenye mitihani wajibuni hivyo hivyo wanavyotaka. Lakini kwa hao wachache waliobaki wa Ulunga, kisahani kikiwa angani, wanawake hunyamaza. Husubiri kwanza mshindo. Na wakishausikia, husubiri tena mpaka mtu aliye kule mbali ainue mkono kuonyesha kwamba yu mzima.