Upawa wa Bi Kazija

Hapo zamani, watu walipokuwa bado na nafasi ya kula polepole, palikuwa na mama mmoja aitwaye Bi Kazija. Mama huyo alikuwa na nyumba ya chakula, na nyumba yenyewe ilikuwa na mambo yake. Usidhani ni mahali pa kuingia, kujaza tumbo na kuondoka. Hapana! Mgeni alikaa mkekani, akanawa, akaletewa sahani saba, moja baada ya moja, na katika kila sahani, tonge moja tu. Sahani pana kama ungo, tonge lenyewe hata paka halimtoshi. Mbili za kuamsha mdomo, tatu za kushibisha, mbili tamu za kuagia.

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kazija kapata wazimu! Mtu ale matonge saba, aseme amekula?" Wakaenda kuonja ili wapate la kusimulia. Walitoka wanalamba vidole. Wiki iliyofuata walikuja na shemeji zao.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: tonge moja, sahani moja, hakuna kuongeza. Liwali mwenyewe alifika siku moja, akaomba aongezwe. Bi Kazija akamwambia, "Mheshimiwa, tonge moja, sahani moja." Liwali akainuka amenuna, akaenda zake. Kesho yake, saa sita kamili, yuko mlangoni.

Jikoni walikuwamo wapishi watatu. Saumu alipika sahani za mwanzo, zile kali za ndimu na pilipili. Makame, bwana mnene mwenye moyo mwepesi, alipika za katikati. Hidaya, mpole, msema machache, alipika za mwisho, zile tamu. Na ukutani ulitundikwa upawa wa kifuu cha nazi, alioachiwa Bi Kazija na mama yake. Mwenye upawa ndiye mwenye nyumba. Magoti ya Bi Kazija yalikuwa yamechoka, na wapishi wote watatu walikuwa wakiutazama ule upawa kila wakipita.

Lakini Bi Kazija alikuwa na lake moyoni. Dada yake, Bi Mwanakheri, alifiwa na mumewe, Mbarouk. Eda ikaisha, mwaka ukaisha, wa pili ukaisha, na Bi Mwanakheri bado alikuwa hali ila vijiko viwili vya uji, tena mpaka asihiwe. Bangili zilikuwa zinamvuka mkononi zenyewe. Bi Kazija alikuwa akimtazama na kuogopa kweli kweli. Mji mzima naulisha, alijiambia, na dada yangu wa tumbo moja ananifia kwa njaa mbele ya macho yangu!

Ndipo akawaita wapishi wake. "Alhamisi namleta dada. Atakayemfanya atamke neno 'ongeza', upawa wake, na nyumba yake."

"Bi Kazija," akasema Saumu, "huyo hata chai anaitazama tu mpaka inapoa!"

"Ndiyo maana nimewaambia nyinyi. Kama ingekuwa rahisi ningefanya mwenyewe."

Alhamisi ikafika. Bi Mwanakheri akaja ameshikwa mkono, akaketi kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Bi Kazija akajificha nyuma ya pazia, upawa mkononi, roho juu juu.

Ikaja sahani ya kwanza, ya Saumu: mchuzi wa ukwaju na embe bichi, alioupika mara kumi na moja na kuumwaga mara kumi. Bi Mwanakheri akautia mdomoni kwa kuona haya. Lo! Jicho moja likajifumba, mashavu yakaingia ndani, mate yakamjaa. "Kali hii!" akasema, na akameza. Ikaja ya pili, kali zaidi, akameza tena.

Makame naye alikuwa ameacha chungu chake, kaja kuchungulia. Alipoona Bi Mwanakheri amemeza, furaha ikampanda kichwani. Akapiga makofi, akamkumbatia Saumu, akakumbatia na mtungi wa maji, akacheza jiko zima na kiuno chake kile. Kilichomzindua ni pua. "Mama yangu, wali wangu!"

Wali wa nazi umeungua, juu wote unanuka moshi, na mgeni anangoja. Makame wa watu akakwangua chini, akatoa ukoko, akaudondoshea mchuzi, akaupanga kwenye sahani pana. Nyumba hiyo, ambayo Liwali anaijia amevaa joho, inamwandalia mgeni ukoko! Sahani ya tatu, ukoko. Ya nne, ukoko. Ya tano, ukoko. Bi Kazija akafumba macho kwa aibu.

Akasikia kacha! Kacha kacha! Kisha akasikia sauti ambayo hajaisikia miaka miwili. Dada yake anacheka.

"Mbarouk huyo!" akasema Bi Mwanakheri. "Tukigombania ukoko mimi na yeye, mpaka siku moja akaficha sufuria uvunguni mwa kitanda!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akalia kidogo, akajifuta, akacheka tena, na ukoko wote akaumaliza. Bi Kazija nyuma ya pazia analia naye, na kanga imelowa.

Akangoja neno. Neno halikuja. Kicheko kiliisha, Bi Mwanakheri akageuka kutazama upande wake wa kulia, alikozoea kukaa Mbarouk wakila, na sasa hakuna mtu, na akaisukuma sahani mbele. "Alhamdulillahi. Inatosha. Nirudisheni nyumbani."

Hidaya alikuwa amesimama na halua aliyoihangaikia siku mbili, imechongwa kama ua la waridi. Akaitazama, akairudisha kabatini. Akachukua bakuli la kaimati, zile za wapishi kula wenyewe baada ya kazi, akatoka nalo mpaka mkekani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Nisogezee kidogo nikae."

Bi Kazija nusura apasue pazia. Mpishi anaketi na mgeni! Na bakuli zima! Hidaya akaweka bakuli katikati, akatia moja mdomoni mwake. "Hii yangu, hiyo yako." Wakala. Yangu, yako. Yangu, yako. Ikabaki moja. Mikono miwili ikaenda bakulini kwa pamoja, na wa Bi Mwanakheri, bangili zikilia, ukawahi! Akaitia mdomoni, shira ikimchuruzika kidevuni, akageukia pazia.

"Kazija! Najua uko hapo. Ongeza!"

Jikoni vikapigwa vigelegele, Hidaya na Bi Kazija wakaingia mbio, wakakumbatiana wote. Kisha wakaachana, wakatazamana, wakaanza.

"Mdomo uliofungwa miaka miwili nimeufungua mimi," akasema Saumu. "Bila ukali wangu, huo ukoko wenu ungepitia wapi? Mimi ndiye niliyepika kwa ujuzi. Makame kaunguza, Hidaya kavunja sheria."

"Nimeunguza, sikatai," akasema Makame. "Nimeunguza kwa kufurahi kwamba amemeza! Na aliyelitaja jina la Mbarouk kwa kucheka, amelitaja juu ya sahani yangu. Moyo ulikuwa umefungwa kuliko mdomo."

"Bahati hiyo!" akasema Saumu.

"Bahati, lakini iliungulia chunguni kwangu."

Hidaya akasema taratibu, "Halua yangu iko kabatini, hakuna aliyeionja. Mimi nilimwona alipotazama pembeni. Na neno alilolitaka Bi Kazija limetoka kwenye bakuli langu."

"Kaimati hata mtoto anapika!" wakasema wale wawili.

"Basi mbona hamkukaa naye?"

Bi Kazija akabaki katikati yao, upawa mkononi, anacheka na kufuta machozi. Kule mkekani dada yake anapiga bakuli kwa kijiko: "Kazija! Nimesema ongeza! Mnataka nife na njaa?" Na sufuria ya kaimati iko jikoni, na sheria imekwisha kuvunjika, na wa kupakua leo ndiye mwenye nyumba kesho. Mikono mitatu imenyooshwa: wa Saumu unanuka ukwaju, wa Makame unanuka moshi, wa Hidaya unanata shira.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msitazamane. Bi Mwanakheri ana njaa, hangoji. Je, upawa anastahili nani?