Changarawe za Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa.

Nani huyo anaitika huku amelala? Mfinyeni kidogo. Hadithi hii haimfai msinziaji, maana ndani yake hakuna anayemwamini mwenzake. Narudia tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kabla madaraja hayajabuniwa, palikuwa na korongo. Korongo lenyewe refu, lenyewe jembamba, na kina chake usiulize. Upande wa huku lilikuwa bonde la nyasi. Upande wa ng'ambo ulikuwa mlima wenye chemchemi. Mwenye mzigo wa kuvusha alikuwa na njia mbili. Ama ampe Mzee Kobe, anayelizunguka korongo pole pole mpaka afike. Ama awape Nyani, wanaokata moja kwa moja.

Huku bondeni alihamia Bi Kanga. Alitoka mbali, kule chini kwenye mto mkubwa, na desturi za korongo alikuwa hazijui. Uzao wake wa kwanza uliliwa na nyoka. Wa pili ukaliwa na kenge, tena kenge aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, mama." Tangu hapo Bi Kanga hakuamini salamu ya mtu. Ukimwambia kumekucha, anatoka nje kuhakikisha.

Sasa alikuwa na mayai tena. Yamejaa vikapu viwili vya ukindu, yamefunikwa majani, na vifaranga ndani wameanza kujigeuza. Huu ulikuwa uzao wa tatu, na yeye umri ulikuwa unakwenda. Alijua moyoni kwamba hataupata wa nne.

Siku moja akanusa. Fu, fu. Akanusa tena. Moshi. Moto wa nyika ulikuwa umeshika nyasi kule mwisho wa bonde, nao unakuja huku. Bi Kanga ana mabawa, atapona. Mayai hayana mabawa.

Akakimbia kwa Mzee Kobe. "Mzee Kobe, shikamoo. Nina mzigo wa kwenda ng'ambo."

"Marahaba, mama. Mzigo wako nitaufikisha, hilo nakuahidi. Sijapoteza mzigo tangu nizaliwe."

"Utafika kabla ya moto?"

Kobe akatazama moshi. Akatazama miguu yake. "Hilo sikuahidi," akasema.

Mwenda pole hajikwai, ni kweli. Lakini anaweza kuungua. Bi Kanga akamshukuru, akaondoka. Njiani akakutana na Nungunungu amebeba watoto wake mgongoni, na msiniulize wanashikaje. Naye anahama.

"Bwana Nungunungu, hao Nyani wakoje?"

"Hakuna kama wao," akasema Nungunungu. "Mihogo yangu ya juzi ilifika ng'ambo kabla yangu. Haikupungua hata mmoja."

Akakutana na Pimbi. "Pimbi, hao Nyani wakoje?"

"Hodari. Mizizi yangu yote imefika. Ujira wanachukua ukwaju tu, tena ukishapokea mzigo."

Ngiri naye akasema hivyo hivyo, huku anapita mbio mkia juu.

Mwingine angefurahi. Bi Kanga akaingiwa na baridi. Kila mtu anawasifu? Hakuna hata mmoja wa kulalamika? Mtu anayesifiwa na wote, akawaza, ana jambo lake. Kenge pia alisifiwa.

"Nungunungu," akamwita tena, "nifanyeje nikifika kwao?"

"Wakikuuliza, wewe wajibu tu," akasema Nungunungu, na hakugeuka, maana moshi ulishamfikia puani.

Wakiniuliza? Bi Kanga akasimama. Waniulize nini hao?

Akavikokota vikapu mpaka ukingoni. Hapo akawakuta Nyani wamejipanga, wengine upande wa huku, wengine kwenye miamba ya katikati, wengine ng'ambo. Mkuu wao aliitwa Mkiakombo, nyani mpana wa kifua, mikono mirefu, macho yasiyotulia. Bi Kanga aliitazama ile mikono. Akayatazama yale macho. Akasema moyoni, lo, kenge mwingine huyu.

"Karibu, mama," akasema Mkiakombo. "Mzigo wako ni mgumu, ni laini, au una roho?"

Mnasikia swali hilo? Watu wote wa korongo walilijua. Aliulizwa Pimbi, aliulizwa Ngiri, na kabla yao bibi zao waliulizwa. Lakini Bi Kanga hakuwa mtu wa korongo. Akawaza: mbona anauliza kilichomo? Mchukuzi kazi yake ni kuchukua. Anayeuliza kilichomo anataka kujua kama kinalika.

"Mgumu," akasema.

"Nisamehe, mama, desturi yetu ni kuuliza mara tatu. Mgumu, laini, au una roho?"

"Mgumu."

"Mgumu, laini, au una roho?"

"Nimesema mgumu," akasema Bi Kanga. "Ni changarawe. Sisi kanga chakula chetu hakisagiki tumboni bila changarawe, na mimi nimezizoea za kwetu."

Mnamcheka? Hapana, ni kweli, kanga humeza vijiwe. Uongo mzuri ni ule unaofanana na mwenyewe. Bi Kanga akajiona mjanja. Nani ataiba changarawe?

Mkiakombo akainua kikapu kimoja. Akakipima mkononi. "Nyepesi, changarawe zako."

"Zimekauka."

"Aa." Akajikuna. "Haya, mwenye mzigo ndiye anayeujua mzigo wake. Wewe pita njia ya miguu, ile pale chini, tutakukuta ng'ambo."

Bi Kanga moyo ukamruka. Yaani mimi nipite huku na mzigo wangu upite kule? Sasa nimewakamata. Akajifanya anakwenda. Akashuka kidogo, akapinda nyuma ya kichaka cha mkonge, akachutama, akatoa jicho moja. Atawaona wakifungua vikapu. Atapiga kelele, dunia nzima itajua Nyani ni wezi.

Akangoja. Hawakufungua. Akangoja tena. Hawakuonja, hawakunusa, hawakugusa hata jani la juu. Bi Kanga akaanza kuona haya kidogo.

Mkiakombo akashika kikapu cha kwanza kwa mikono yote miwili. Akaita, "Mgumu!"

Nyani wa mwamba wa katikati akaitika, "Mgumu, lete!"

Mkiakombo akanyonga kiuno, akakirusha. Vuuu! Kikapu kikapaa juu ya korongo. Pa! Kikadakwa. Nyani wa katikati naye akageuka, vuuu! Pa! Kikadakwa ng'ambo. Ndivyo mihogo ilivyovuka. Ndivyo mizizi ilivyovuka. Ndiyo maana mzigo ulifika kabla ya mwenyewe, na ndiyo maana kila mtu alisifu.

Bi Kanga akatoka kichakani mbio. Mkiakombo alikwisha shika kikapu cha pili. Ameshanyonga kiuno.

"Usitupe," ikatoka sauti, hata yeye hakujua ni yake. "Una roho! Huo una roho!"

Mkiakombo akaganda, mikono juu. Akakishusha kikapu taratibu mpaka chini, akaondoa jani moja, akaona. Akarudisha lile jani mahali pake. Kisha akatazama ng'ambo. Kule kikapu cha kwanza kilikuwa kinadondosha ute, tone, tone, kwenye jiwe. Nyani wa ng'ambo walinusa. Wakaangaliana. Mmoja akachovya kidole, akalamba. Halafu wote wakainama, wakalamba.

"Wanakula wanangu," akasema Bi Kanga.

"Wanakula kilichovunjika," akasema Mkiakombo. "Ulisema changarawe."

"Ningesema mayai mngeyala."

Mkiakombo akamgeukia. "Swali ulilisikia mara tatu, mama. Mgumu hurushwa. Laini hubebwa mgongoni. Wenye roho hubebwa kifuani, na mwenye mzigo hutembea pembeni, ameushika."

"Na kwa nini hukunieleza hayo ulipouliza? Uliniuliza kama mwizi anavyouliza. Mimi mgeni, ningejuaje?"

Hapo Mkiakombo akajikuna kichwa, akajikuna bega, akakosa pa kujikuna. Maana hilo nalo ni neno. Tangu babu zake walikuwa wakiuliza, na hakuna aliyewahi kusema sababu.

Lakini moto haukuwa na subira ya kusikiliza kesi. Majivu yalianza kumtua Bi Kanga mabawani. Bi Kanga akatazama nyuma, akaona nyasi zinalia kwa moto. Akatazama mbele, akaona Nyani wanajifuta midomo. Katikati, kikapu kimoja.

Sasa nyinyi mngefanyaje? Yeye mwenyewe hawezi kukibeba. Kobe yuko mbali. Kukiacha ni kifo. Kuwapa waliolamba ndugu za hawa ni kichaa. Bi Kanga alilia, aliisikia roho yake ikipasuka kama ganda la yai, kisha akafuta macho kwa bawa. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Ni mayai," akasema. "Vifaranga wameanza kujigeuza. Sina mengine, na sitapata mengine. Nibebee."

"Shika ukindu kwa mdomo," akasema Mkiakombo. "Usiuachie hata nikikuambia uachie."

Wakashuka. Njia nyembamba, mwamba huku, shimo huku. Mkiakombo amekumbata kikapu kifuani, anatembea kwa miguu miwili, mkia umejikunja nyuma. Bi Kanga pembeni, mdomo umeng'ang'ania kamba ya ukindu, jicho moja kwenye njia, jicho moja kwenye ile mikono. Moshi ukawafuata. Wakakohoa. Hawakusimama.

Wakiwa chini kabisa, Bi Kanga akasikia: glu. Akabana ukindu, akasema kwa pembe ya mdomo, "Umemeza mate."

"Nimemeza."

"Unayataka."

"Nayataka sana, mama. Nyani gani hataki yai?" Mkiakombo akaendelea kutembea. "Ndiyo maana mwenye mzigo hutembea nasi. Unadhani desturi hii iliwekwa kwa sababu sisi ni wema?"

Bi Kanga akaubana ukindu zaidi. Ila katika safari nzima hilo ndilo jibu la kwanza lililompa nafuu. Sifa za Nungunungu zilimtisha, na ahadi za Kobe hazikumfaa. Huyu amekiri njaa yake, na mikono haijatetereka. Akaendelea kuitazama ile mikono, maana nafuu si usingizi.

Wakapanda. Wakafika. Nyuma yao bonde zima likawa jeusi. Kikapu kikawekwa karibu na chemchemi, majani yakafunuliwa, na mayai yakawa mazima, yote. Siku ile ile ganda moja likagongwa, ko, ko, kikatokea kichwa kidogo chenye madoa.

Tangu siku hiyo Mkiakombo hakuuliza tena swali bila kutoa sababu. Alisema, "Mgumu tutaurusha, laini tutaupa mgongo, wenye roho utatembea nao. Sasa tuambie." Wengine walimwona ameanza maneno mengi. Hakujali.

Na Nyani walikuwa na desturi nyingine ambayo Bi Kanga pia alikuwa haijui. Mzigo ukiharibika mikononi mwao, hulipa, kitu kwa kitu, kama mwenyewe alivyoutaja. Siku chache baadaye, asubuhi, Mkiakombo akaja kwenye chemchemi. Hakucheka, hakutania. Alikuwa amekwenda mbali mpaka kwenye ule mto mkubwa, akachagua nzuri tupu, zilizooshwa, za mviringo. Akaweka mbele ya Bi Kanga kikapu kimejaa changarawe.

"Za kile cha kwanza," akasema, na akaondoka.

Bi Kanga alikitazama kile kikapu mpaka jua likawa la utosi. Kisha akawaita vifaranga wake, akawafundisha kumeza.

Wazee wetu walisema, mficha uchi hazai. Nami nasema, shuku mchukuzi, si dhambi, lakini usimfiche mzigo unaompa akubebee. Mwambie ukweli, kisha tembea naye. Nawe mchukuzi, ukimuuliza mtu, mwambie kwa nini, maana mgeni haijui desturi yako. Na sifa za wengine zisikutoshe. Aliyesifu alipeleka mihogo.

Hadithi yangu nimeibeba mpaka hapa, naitua. Anayeitaka na ajitwike.