Gari Lililochechemea Kwenye Kona

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wengi huitamka methali hii kwa mzaha, hasa wanapomtania mwenye upara, kisha wakaendelea na shughuli zao kana kwamba wamesema jambo dogo. Si jambo dogo hata kidogo. Maana yake ni kwamba kila mja amepewa fungu lake la akili, na fungu hilo halipimwi kwa cheti wala kwa ovaroli yenye madoa ya grisi. Asiyesadiki na aende Handeni akaulize habari za gari la akina mama wauza maziwa.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa milango. Zamani gari lilikuwa la serikali au la meneja wa shamba la mkonge, na mwananchi wa kawaida alilijua kwa vumbi lake tu. Sasa magari yaliyotumika kidogo huko Japani yalianza kuonekana hata vijijini, na mtu yeyote aliyejikaza aliweza kumiliki moja. Katika tambarare za Handeni, aliyejikaza alikuwa Nasieku.

Nasieku alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini na msimamo wa jiwe. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji waliouza maziwa yao mjini Korogwe. Kwa miaka mingi maziwa hayo yalisafirishwa kwa baiskeli, na jua lilipokuwa kali yalifika yameganda, wanunuzi wakakunja pua. Nasieku akawaambia wenzake, "Kila mmoja atoe mtamba mmoja. Tununue gari." Walimwona kama amerukwa na akili. Hata hivyo, alizunguka boma kwa boma mpaka wote wakakubali.

Gari lilipatikana, stesheni wagoni nyeupe iliyokaribia kuwa mpya, viti vyake vikiwa bado vimevikwa nailoni. Siku lilipoingia bomani akina mama waliimba mpaka sauti zikakauka. Nasieku alikaa kiti cha mbele, kando ya mwanawe Filipo aliyekuwa dereva, shanga zake zikimeta kifuani. Alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Mtu mmoja tu hakuimba. Huyo alikuwa Leboo, kaka mkubwa wa marehemu mumewe na mkuu wa boma lile. Alilizunguka gari mara mbili, akaligonga kwa fimbo yake kama anayepima mtungi.

"Shemeji," alisema, "chuma hakizai. Nimekubali kwa sababu mmenizidi kwa maneno. Lakini siku likiugua ugonjwa usiojulikana, linauzwa, na mitamba inarudi zizini."

"Na iwe hivyo, shemeji," Nasieku alijibu.

Miezi mitatu maziwa yalifika Korogwe yangali mabichi. Wateja waliongezeka, na akina mama waliokuwa wakiomba chumvi kwa waume zao wakawa hawaombi tena. Kisha, mwezi wa nne, gari likaanza kulalamika. Kila Filipo alipokata kona, mbele kulisikika kishindo, ngo! Akinyoosha usukani, ngo! tena. Kwenye barabara iliyonyooka gari lilinyamaza kimya, kona ikija likaanza tena matata yake. Filipo alijaribu kumficha mama yake kwa kuongeza sauti ya redio, lakini Nasieku hakuwa mtu wa kufichwa kitu.

Walilipeleka kwa Fundi Mdoe, pale Kilole, mjini Korogwe. Naam, Mdoe hakuwa fundi wa kubabaisha. Alifanya kazi miaka kumi na minane katika karakana ya shamba la mkonge, na jina lake lilijulikana kuanzia Kerenge hadi Mkumbara. Alilipiga gari jeki, magurudumu ya mbele yakaning'inia, akaingia uvunguni na kumwamuru Filipo azungushe usukani. Kimya. Akakaza bolti hii na ile, akalishusha. Kufika kona ya kwanza, ngo!

Mara tatu gari lilirudi, mara tatu likapigwa jeki, mara tatu likanyamaza juu ya jeki na kupiga kelele barabarani. Siku zote hizo maziwa yalirudi kwenye baiskeli, na mengine yalimwagwa. Mwishowe Mdoe alikata kauli kwamba boksi la usukani limekufa, lazima liagizwe jipya kutoka Dar es Salaam, na hakujua lingepatikana lini. Aliwaonya wasiliendeshe kabla ya hapo.

Habari hiyo ilimfikia Leboo, naye hakupoteza muda. "Kesho Jumamosi mnunuzi anakuja karakana," alimwambia Nasieku alfajiri ya Ijumaa. "Ahadi ni ahadi."

Nasieku hakubisha, kwani kweli aliahidi. Moyo ulimuuma sana. Aliona miguu ya wenzake ikirudi kwenye vumbi nyuma ya baiskeli, na aliona jinsi watakavyomtazama, kwa kuwa yeye ndiye aliyewatoa mitamba zizini. Asubuhi hiyohiyo akajifunga shuka zake, akadandia lori la wafanyabiashara wa mahindi, akaenda Korogwe. Alitaka kuuona ugonjwa huo kwa macho yake kabla gari halijaondoka.

Alimkuta Filipo ameketi juu ya tairi bovu, amejiinamia. Mdoe alimkaribisha kwa heshima, na ili asionekane mwongo akalipiga gari jeki tena na kumwonyesha. Filipo alizungusha usukani kushoto na kulia. Kimya.

Nasieku alitazama kwa muda, kisha akauliza, "Fundi, mbona mgonjwa unampima amelala?"

Wateja waliokuwa pale waliangua kicheko. Mdoe naye alitabasamu. "Mama Filipo, hapa hatukamui. Gari haliwezi kutengenezwa bila kunyanyuliwa."

"Kutengenezwa sawa," alisema Nasieku bila kupandisha sauti. "Mimi nazungumzia kupimwa. Mnadani, mwenye ng'ombe anayechechemea humlaza kivulini ili mnunuzi asijue. Amelala, mguu haubebi kitu, basi hauna cha kulalamikia. Sisi hatununui ng'ombe aliyelala. Tunamsimamisha, tunamgeuza ghafla kushoto, tunamgeuza kulia, na mkono uko juu ya nyonga. Kiungo kibovu kinaruka chini ya kiganja hata kama macho hayaoni kitu. Sasa gari hili linapiga kelele likiwa limesimama kwa miguu yake. Kwa nini unaliuliza likiwa linaning'inia?"

Kicheko kilikatika. Mdoe akaitazama ile jeki yake.

"Lishushe," alimwambia hatimaye msaidizi wake.

Gari lilishushwa, uzito wote ukakaa juu ya magurudumu. Nasieku alipiga goti kando ya gurudumu la kulia, akapenyeza mkono juu yake hadi kwenye springi ile nene iliyoviringwa kwenye shokapu, kile chuma cha kupunguza mtikisiko, akaibandika kiganja kwa nje, mbali na pale ingeweza kumbana vidole. "Filipo, geuza taratibu." Usukani ukazunguka, springi ikazunguka nao kwa utulivu. Akahamia kushoto. "Geuza." Safari hii springi haikuzunguka. Ilijikaza kama ng'ombe anayekataa kuvuka mto, ikatetemeka, kisha ikafyatuka ghafla, ngo! Kishindo kilimpanda Nasieku hadi begani.

"Ni hapa," alisema. "Boksi lako halina kosa. Huyu anaumwa nyonga ya kushoto."

Mdoe aliweka kiganja chake palepale na kuagiza usukani ugeuzwe tena. Uso wake ulibadilika. Alifungua boneti, akainama juu ya kichwa cha shokapu ya kushoto, mahali palipo na beringi inayoiwezesha springi kuzunguka. Kifuniko chake cha mpira hakikuwapo. Ndani yake vumbi jekundu na maji vilikuwa vimeshikamana vikawa kama tofali, na beringi ilikuwa imeganda.

"Nani amekuwa akimwaga maji humu?" aliuliza.

Filipo alijikuna kisogo. "Mimi, fundi. Kila siku baada ya kushusha maziwa naliosha lote, mpaka ndani ya boneti. Kifuniko nilikitoa nikisugue vizuri, kikaanguka mtoni."

Nasieku alitaka kukasirika, akashindwa, kwani ni yeye aliyemfundisha kwamba chombo cha maziwa huoshwa ndani na nje. Walilipenda gari lao mpaka likaumwa kwa kupendwa. Mdoe alifungua ile beringi, akaisafisha kwa petroli mpaka ikazunguka yenyewe, akaijaza grisi mpya, akakata kifuniko kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi. Kazi yote iliisha kabla ya adhuhuri, na hakuna kilichoagizwa Dar es Salaam.

Jumamosi Leboo alifika karakana pamoja na mnunuzi. Nasieku alimfungulia shemeji yake mlango wa mbele, naye Filipo akalizungusha gari uwanjani, kushoto kabisa, kulia kabisa, likiwa limejaa madebe ya maziwa yaliyofika kwa baiskeli asubuhi hiyo. Walizunguka mpaka mnunuzi akachoka kusimama. Halikutoa hata mguno.

Leboo alishuka, akaegemea fimbo yake. "Fundi," alisema, "ugonjwa huu uliujuaje?"

Mdoe angeweza kujitwalia sifa, na nani angemkatalia mbele ya karakana yake mwenyewe? Wateja wake wote walikuwa wanasikiliza. Aliipangusa mikono yake polepole.

"Mzee, mimi nimefungua bolti tu," alijibu. "Zaidi ya miaka kumi na minane nimeshika spana, na ugonjwa ulinishinda. Aliyeuona ni huyu mama, kwa mkono wake, kwa akili ya mnadani. Kuanzia leo gari la namna hii likija hapa, nalipima limesimama."

Leboo akamgeukia mnunuzi. "Rudi nyumbani, rafiki yangu. Gari la shemeji yangu haliuzwi." Alisema "la shemeji yangu" kwa sauti kubwa, makusudi, kila mtu asikie. Nasieku aliinua kichwa chake juu, machozi yakimlengalenga, na hakujisumbua kuyaficha. Akafungua mlango wa mbele, akakaa kiti chake.

"Twende, Filipo," alisema. "Maziwa hayangoji."

Gari likakata kona ya Kilole kimya kimya, na Fundi Mdoe alisimama kulitazama mpaka likapotea, kisha akamgeukia msaidizi wake akasema, "Umeona mwenyewe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake."