Ushahidi wa Baharia Tomasi

Wema hauozi. Aliyeutenda huweza kuusahau, hata akafa na kaburi lake likapotea, lakini wema wenyewe hubaki ukifanya kazi yake.

Mwanakheri alikuwa mwanafunzi wa historia katika chuo kikuu. Alasiri moja alirudi nyumbani kwao Michenzani, mjini Unguja, akipanda ngazi mbio, pumzi juu juu. Bibi yake, Bi Mayasa, mzaliwa wa Tumbatu, alikuwa ameketi akichagua mchele.

"Shikamoo, Bibi. Leo nimesoma jambo, mwili wote umenisisimka!"

"Marahaba. Kaa kwanza, mjukuu wangu, kisha useme."

Alikuwa amesoma nakala za kesi iliyosikilizwa London katika karne ya kumi na saba. Nahodha mmoja wa Kiingereza alishitakiwa kwa kuwatelekeza mabaharia wake watatu, wagonjwa hoi, katika pwani ya Unguja. Nahodha akaapa kwamba hakuwatupa. Alidai wenyeji ndio waliowachinja. Mahakama ikachemka kwa hasira. Matajiri wenye meli wakataka zipelekwe manowari kuichoma pwani ile iwe majivu.

"Lahaula!" Bi Mayasa aliusukuma ungo kando. "Na kweli waliwachinja?"

"Sikiliza, Bibi. Siku ya hukumu mlango ulifunguliwa, akaingia mmoja wa hao waliochinjwa!"

Alikuwa Tomasi, baharia fukara asiye na mbele wala nyuma, amekonda kama ng'onda. Alikuwa amerejea kwao kwa merikebu nyingine. Bandarini marafiki wa nahodha walimwonya kwamba akifumbua mdomo, hatapata kazi ya bahari tena maishani. Aliufumbua. Alisema wenzake wawili walikufa kwa homa, na wenyeji wakawazika kwa heshima. Yeye aliokolewa na mwanamke mmoja aliyemlaza kibandani mwake, akamnywesha uji kama mtoto mchanga mpaka akasimama.

Hakimu akamuuliza jina la mwanamke huyo. Tomasi akajibu kwamba hakulijua. Alichokumbuka ni maneno mawili aliyoambiwa kila alipoinuliwa kichwa. Karani, asiyeelewa hata silabi moja, akayaandika kama alivyoyasikia.

Hapo Mwanakheri alimshika bibi yake mkono. "Nnasoma Kiingereza cha kale, Bibi, mara nnakutana na lugha yetu: 'Nywa, mwanangu.'"

Bi Mayasa alishika kifua. Ilikuwa kana kwamba mwanamke yule amesema mumo humo chumbani.

"Na hizo manowari?" aliuliza.

"Hazikuja. Nahodha alifungwa. Tomasi naye hatajwi tena katika orodha ya mabaharia wa meli yoyote."

"Yule mama alijua?"

"Angejuaje, Bibi? Pengine alikufa akidhani alimpa mgonjwa uji tu."

Bi Mayasa aliinua mikono, akamsomea Fatiha marehemu asiyemjua jina, machozi yakimtiririka. Pwani nzima ilinusurika kwa uji wa mwanamke mmoja. Hakika, wema hauozi.