Mgeni wa Siku Tatu

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, kidole kibaki palepale kwenye mstari tuliosoma. Nataka twende mlimani, kwenye shamba la chai.

Kulikuwa na mama mmoja mchuma chai. Tumwite Mama Atuganile. Miaka ishirini na miwili alichuma, kapu mgongoni, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu na sabuni ikasalimu amri. Mumewe alikuwa msimamizi kwenye shamba hilohilo. Mtu mzuri, halewi, hapigi, hana nyumba ndogo. Msinitazame hivyo, kina mama, wanaume wa namna hiyo wapo! Lakini akirudi nyumbani maneno yake yalikuwa mawili tu: "Chakula tayari?" Na yule mama alikuwa na hamu moja moyoni, wala si ya kitenge. Alitamani mumewe amwulize, hata mara moja, "Mke wangu, umeshindaje?"

Basi, likaja kundi la wageni kutoka pwani, safari ya kubadilishana utamaduni. Wao walete ngoma na mapishi yao, wenyeji wawaonyeshe chai na maisha ya mlimani. Kila mgeni akapangiwa nyumba ya kulala kwa siku tatu. Kwa Mama Atuganile akaja mzee mmoja mpiga zumari, mcheshi kweli, ila baridi ilimtetemesha mpaka meno yakagongana.

Weee! Mama Atuganile hakuamini masikio yake. Mumewe alifunguka!

"Umelalaje, mzee wangu? Baridi haikukusumbua? Huko kwenu asubuhi mnakunywa nini? Watoto umeshawakumbuka?"

Anauliza, halafu ananyamaza asikilize jibu. Mama wa watu amesimama na birika kwenye mlango wa jikoni, na kila swali analijibu kimoyomoyo. Sikulala vizuri, baba. Mgongo. Na binti yetu nimemkumbuka tangu siku ile aliyoolewa, ila sina wa kumwambia.

Siku ya pili wageni wakapelekwa shambani kujaribu kuchuma. Mpiga zumari akachuma nusu saa, tena akachuma majani makavu, magumu, hata mbuzi angeyakataa. Msimamizi akamkimbilia.

"Pole, pole sana na kazi! Kazi hii inaumiza mgongo, mzee wangu. Kaa upumzike."

Na mstari wa pili kutoka hapo, nani alikuwa ameinama tangu alfajiri? Mnamjua. Alisikia kila neno, machozi yakamtoka juu ya majani ya chai. Nawauliza, alikuwa na wivu na mzee wa watu? Hata kidogo. Miaka yote hiyo alijifariji kwamba mumewe hana maneno hayo. Kumbe anayo!

Siku ya tatu basi likawachukua wageni, wakaagana kwa kukumbatiana. Jioni yule bwana amekaa sebuleni, kimya kimerudi mahali pake. Mara akasikia sauti nje.

"Hodi hapa!"

Akaruka kutoka kitini. "Karibu! Karibu sana!" Akafunga vifungo vya shati haraka haraka, akaenda kufungua anatabasamu.

Ni mkewe. Kapu bado liko mgongoni.

"Aa, kumbe ni wewe? Sasa mbona unabisha hodi nyumbani kwako?"

"Nimetoka mbali, Baba Atuganile. Nimesikia nyumba hii wanajua kupokea watu. Na mimi naomba siku tatu."

Mnataka niwaambie alijibu nini? Siwaambii. Jibu lake halitawasaidia kitu mkifika kwenu.

Maana ni sisi hao, jamani. Mgeni akija kanisani Jumapili moja tu, tunamshika jina, tunamshika kijiji, tunajua mpaka anakunywa chai ya rangi au ya maziwa. Mtu tunayekula naye sahani moja, ni lini tulimwuliza swali tukanyamaza tusikie? Unasema, "Mchungaji, mimi si mwongeaji." Mwongo wewe! Nimekusikia kwenye simu. Maneno tunayo, tena matamu. Tunawawekea watu watakaoondoka.

Na msinione nimesimama huku juu mkadhani mimi nimepona. Kila ibada ikiisha nasimama pale mlangoni, nawapa mikono, nawauliza habari za ng'ombe, za magoti, za watoto walioko chuo. Leo mzee wa kanisa atawasalimu kwa niaba yangu. Mke wangu ameketi benchi la tatu, karibu na dirisha. Anakohoa tangu mwezi wa pili, ninyi wote mmemsikia, na mimi sijamwuliza. Mniwie radhi, leo naanza na yeye.