Mzaha wa Bwana Zahrani

Hapo zamani, sogeeni karibu na wenye kukohoa wakohoe sasa, hapo zamani kisiwani Pemba paliishi bwana mmoja akiitwa Zahrani bin Nasoro. Shamba lake lilianza juu kilimani likashuka mpaka mtoni, mikarafuu mitupu. Akipata mgeni humpandisha kilimani, akamwonyesha kwa fimbo, akasema, "Yote hii nimeipanda mimi." Uongo! Zahrani hakuwahi kushika jembe hata la kuulia nyoka. Waliopanda ni watumwa wake. Waliochuma ni watumwa wake. Waliochambua na kuanika ni hao hao. Yeye kazi yake ilikuwa kunywa kahawa, kulala mchana, na kufanya mizaha.

Na mzaha ndio uliomponza.

Desturi ya mashamba yale ilikuwa hivi: Alhamisi na Ijumaa mtumwa hulima chake, siku nyingine zote ni za bwana. Basi Alhamisi moja ya msimu, karafuu imeanikwa kwenye majamvi, uwanja mzima unanukia, na watumwa wamekwenda kwenye vikonde vyao vya muhogo. Waliobaki karibu na nyumba kubwa walikuwa watatu tu.

Palikuwa na Marijani, mzee mwenye goti bovu. Yeye aliachiwa kazi ya kufukuza kuku wasiparue karafuu. Palikuwa na Zafarani, mpishi, mwenye mimba iliyokwisha kuwa kubwa. Mumewe alikuwa mtumwa wa shamba jingine, ng'ambo ya mto. Zafarani alikuwa na huzuni moja isiyomtoka: mtoto wa mtumwa ni mtumwa, na huyu wa tumboni alikwisha kuwa mali ya Zahrani kabla hajalia. Na palikuwa na Uledi, kijana, aliyekuwa akiezeka kibanda chake nyuma ya jiko. Makuti aliyasuka mwenyewe, Alhamisi baada ya Alhamisi, maana alitaka kuoa, na mkwewe alikwisha kumwambia, "Mwanangu simpi mtu asiye na paa."

Zahrani alikuwa barazani na mgeni wake, Kadhi Burhani, wanakunywa kahawa. Marijani akaja akichechemea.

"Shikamoo, Bwana. Goti linauma. Mvua inakuja. Tuanue."

Mbingu nyeupe pe! Na nisiwafiche, goti lile lilikuwa na sifa mbaya. Msimu ule ule lilikwisha kuwaanulisha watu karafuu, jua likawaka hata mijusi ikatafuta kivuli, wakaanika upya huku wakimtukana.

"Goti lako linasema uongo kama wewe," akasema Zahrani. "Ukitaja mvua tena leo, nitakuchapa mpaka hilo zima nalo liume."

Kisha akaona mgeni wake yupo, na mzaha ukamwasha ulimini. Akasimama, akapaza sauti hata Zafarani jikoni akasikia, na Uledi juu ya paa akasikia.

"Haya! Ikinyesha leo, atakayeiokoa karafuu yangu isilowe, huyo nimemwacha huru! Sheikh Burhani, wewe ni shahidi."

Akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Kadhi hakucheka. Aliweka kikombe chini.

Wakala, wakashiba, wakaingia ndani kulala. Sasa jueni jambo moja: ghala lilikuwa limefungwa, na ufunguo uko kiunoni kwa Zahrani, na Zahrani akilala mchana haamshwi. Aliyewahi kumwamsha alichapwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa pili.

Mara upepo ukageuka. Nyuma ya kilima wingu likatokeza, jeusi, zito. Marijani akaliona. Akakumbuka fimbo, akanyamaza. Akalitazama tena, akasema moyoni, "Fimbo naijua, itaniuma na itakwisha." Akapiga ukelele, "Mvua! Mvua jamani! Anueni!"

"Ni goti tena, Baba Marijani?" akauliza Zafarani kutoka jikoni.

"Goti limeacha kuuma! Safari hii ni macho!"

Zafarani akaacha chungu motoni, akatoka na mimba yake. Akashika jamvi hili akalivuta, akashika jamvi lile akalivuta, akakunja, akamwaga, akalirudia jingine. Jasho linamtoka, mgongo unamkatika, naye anavuta tu, mpaka karafuu yote ikawa lundo moja katikati ya uwanja. Lakini lundo lile aliweke wapi? Ghala limefungwa. Jiko halitoshi.

Uledi alikuwa juu ya kibanda chake, amebakisha kuti la mwisho. Akatazama lundo, akatazama paa. Nadhani mnajua jinsi moyo wa mtu unavyoumia akibomoa alichokijenga kwa siku zake mwenyewe. Akang'oa. Kuti kwa kuti aling'oa, akarusha chini, akaruka naye, akalifunika lundo, akapanga makuti kama paa la nyumba. Tone la kwanza lilianguka akiwa anafunga kamba.

Ikanyesha, wenzangu! Kuku walitafuta pa kupanda. Kibanda cha Uledi kikawa kisima, kitanda ndani, unga ndani.

Radi ikamwamsha Zahrani. Akatoka mbio, kanzu kaishika mkononi, analia, "Karafuu yangu! Nimekwisha!" Mvua ilipokatika wakafunua makuti. Karafuu kavu, hata ukiikanyaga inalia. Zahrani akacheka kwa furaha. Kisha akasikia mtu anakohoa nyuma yake.

"Bwana Zahrani," akasema Kadhi, "mtu mmoja hapa ni huru."

"Nilikuwa nikitania, Sheikh!"

"Kuna maneno ambayo mzaha wake ni kweli. Nikahi, talaka, na kumwacha mtumwa huru. Ulimi wako umekwisha kusema."

Zahrani akajikuna ndevu. "Haya. Lakini ni mmoja. Nilisema mmoja."

"Ni mmoja," akakubali Kadhi. "Umetoa shingo moja. Sasa tuwasikilize."

Marijani akasema, "Ni mimi. Kama si sauti yangu, huyu angekuwa jikoni na huyu juu ya paa mpaka karafuu ielee. Na nilipiga ukelele nikijua fimbo inaningoja."

Zafarani akasema, "Ni mimi. Ukelele haubebi jamvi. Makuti nayo yangefunika nini, kama si lundo nililolikusanya? Nimevuta na mtoto tumboni, na ni yeye ninayemwombea."

Uledi akasema, "Ni mimi. Walikwisha kuita, walikwisha kukusanya, na mvua ingelilowesha lundo lile lile. Na wao walitoa nguvu, nguvu hurudi mtu akilala. Mimi nimetoa nyumba, na pengine na mke."

Zahrani akadakia, "Sheikh, tupige kura tumalize!"

"Kura hapana. Uliweka sharti, na sharti lina mwenyewe. Atatafutwa kwa haki, hapigiwi kura. Na mpaka ajulikane, usimguse hata mmoja. Ukimtuma Zafarani maji, kumbe ndiye, umemtumikisha muungwana, mtu huru. Ukimchapa Marijani, kumbe ndiye, umempiga muungwana. Utajibu nini siku ya kiama?"

Zahrani alikuwa mtu wa mizaha mingi, lakini kiama hakukifanyia mzaha. Akakubali.

Usiku ule watatu hawakusemezana. Kila mmoja alimwona mwenzake kama mwizi wa uhuru wake. Asubuhi Zafarani akaamka kwa mazoea, akangoja kuitwa. Hakuitwa. Jua likapanda, hakuitwa. Akaketi kizingitini, akanyoosha miguu, akatazama kuku. Ndipo alipofahamu. Akaondoka mbio, mimba na yote, akawaita wenziwe nyuma ya jiko, akawanong'oneza. Marijani alicheka mpaka akashika goti.

Siku Kadhi aliporudi kusikiliza tena, Marijani akasimama akasema, "Nimefikiri, Sheikh. Anayestahili ni Zafarani. Mimi nilipiga kelele tu, hata kasuku hupiga."

Zafarani akasema, "La hasha! Ni Uledi. Mimi nimevuta majamvi, kazi ya kila siku. Nani kati yetu amebomoa nyumba yake?"

Uledi akasema, "Hata kidogo! Ni Baba Marijani. Makuti huota tena. Ngozi ya mzee haioti."

Kadhi aliwatazama, mmoja mmoja, kwa muda mrefu, na mimi nasema alielewa. Akafunga kilemba vizuri, akasema, "Naona shaka imezidi. Tutaonana msimu ujao."

Na msimu ujao ikawa vilevile, na ule uliofuata pia. Zafarani akajifungua binti, akamwita Sikujua. Zahrani hakuweza kumdai, kwani mtoto hufuata mama, na mama mwenyewe hajulikani kama ni huru au mtumwa. Uledi akaezeka upya, safari hii kwa siku zote za juma, akaoa. Marijani akakaa kivulini, akiagua mvua zisizonyesha, na watu wakaanua kwa heshima. Walikula muhogo wao na samaki wao, wakalala wakashiba usingizi. Furaha yao ilikuwa ya kweli, ingawa nayo ilikuwa na paa la makuti, la kung'olewa wakati wowote.

Zahrani akazeeka akiuliza kila mgeni, "Wewe ungesemaje?" Kila mgeni akasema lake. Akafa akiuliza. Warithi wakagawana kilima, wakagawana mikarafuu mmoja mmoja, na walipofika kwa wale watatu wakakaa kitako, wakaanza kuuliza upya.

Wengine wa shamba lile hawakuwa na mzaha wa kuwaokoa. Waliendelea kupanda mikarafuu ya watu mpaka amri ya kufuta utumwa ilipoletwa, na ilichelewa. Hilo linaniuma, nami silifichi.

Najua kuna mtu hapa ataniambia, "Wote watatu." Ndugu yangu, wote watatu na shamba zima, hata mimi nasema hivyo, na ningesema hivyo kabla mvua haijanyesha. Lakini Zahrani alitoa shingo moja tu, na warithi wake bado wamekaa kitako, wanatega sikio wasikie mtasemaje. Mkimtaja mmoja mkaafikiana, wawili wataitwa asubuhi. Na asipokuwa Zafarani, Sikujua ataitwa pamoja nao.

Aliyeita, aliyekusanya, aliyefunika. Je, nani alistahili?

Bishaneni, tafadhali. Bishaneni mpaka kuche.