Kidoti na Mrija wa Majirani

Hapo zamani za kale, zama ambazo Mungu peke yake ndiye anayezikumbuka vizuri, ndani ya kibuyu cha maziwa kulikuwa na mtaa. Si mtaa wa watu, wanangu. Ulikuwa mtaa wa vijidudu, wale ambao walimu shuleni huwaita bakteria, wadogo hata jicho haliwaoni. Lakini Mungu anawaona. Walikuwa na nyumba zao, na majiko yao, na ugomvi wao, kama sisi.

Dunia yao ilikuwa nyeupe. Juu weupe, chini weupe. Mtu akisema neno, lilielea polepole kama unyoya kabla ya kumfikia jirani.

Hapo aliishi Kidoti, mdogo kuliko wote. Mumewe alikuwa amefariki, na kila alipoamka alisahau kidogo, kisha akakumbuka. Alibaki na binti mmoja, Chembe. Na Chembe alikuwa mgonjwa. Ngozi yake ilipata ufa. Kwa vijidudu, ngozi ndiyo ukuta wa nyumba. Ikipasuka, kila kilichomo humwagika, na huo ndio mwisho.

"Mama," Chembe alinong'ona, "nahisi ninavuja."

"Tulia, mwanangu. Mungu yupo."

Dawa ya ufa ilijulikana: uji mzito uliochanganywa na mafuta. Kidoti hakuwa na uji wala mafuta. Upande wa kulia aliishi Bonge, mnene, ambaye uji ulimfurikia mpaka mlangoni. Mafuta hakuwa nayo, na ngozi yake ilikuwa kavu, inakwaruza. Upande wa kushoto aliishi Tambo, mrefu, anayeng'aa kwa mafuta, lakini uji hana, na tumbo limebonyea. Wawili hao walikuwa hawasemezani. Chanzo cha ugomvi wao wenyewe walishakisahau.

Kidoti akabisha kwa Bonge. To! To! To!

"Hodi, kaka Bonge. Naomba uji kidogo. Mtoto anapasuka."

"Ebo! Uji wangu ni mvua, umnyeshee kila mtu? Nenda kaombe kwa yule ngongoti wako!"

Akaenda kwa Tambo. To! To! To!

"Mafuta?" Tambo akacheka puani. "Nikupe mafuta, halafu wewe unipe nini? Machozi? Machozi hayaliwi, shemeji."

Kidoti akarudi kwake. Akakaa kando ya binti yake, akasali polepole.

"Mola, mmoja umemchukua, nami sikugomba. Huyu niachie."

Akautazama ule weupe. Ndipo akaikumbuka desturi ya mtaa wao: bakuli la jirani halirudishwi tupu. Anayelirudisha tupu huchekwa mpaka na watoto. Naam, Bonge na Tambo walikuwa wachoyo, lakini walipenda sifa kuliko walivyopenda chakula.

Ndani kulikuwa na tone la sukari aliloliacha marehemu. Kidoti hakuwahi kuligusa. Sasa alilishika, akalinusa, akaligawa katika vibakuli viwili. Kisha akajikaza, nyiii! Ngozi yake ikatoa mrija mwembamba kuliko uzi wa buibui. Ukaenda kulia, ukapenya ukuta wa Bonge, pwi! Akajikaza tena. Mwingine ukaenda kushoto, ukapenya ukuta wa Tambo, pwi! Ikawa njia moja, inayopita katikati ya chumba chake.

"Mola anisamehe," akasema, akasukuma bakuli la kwanza.

"Kaka Bonge! Zawadi yako hiyo, ya Tambo. Anasema, 'Mpelekee yule maskini, najua hana cha kurudisha.'"

"Nani maskini? Mimi?" Bonge akalamba sukari, akafura. "Mpelekee huu uji! Mwambie ale ashibe, asije akakatika kiuno!"

Kidoti akageukia kushoto.

"Kaka Tambo! Bonge amekuletea sukari. Anasema wewe na kurudisha bakuli ni mbali kama mbingu na ardhi."

"Lo! Lile pipa limesema hivyo? Shika mafuta haya! Ajipake, aache kukwaruza kama gome!"

Basi uji ukateremka kutoka kulia, gudu-gudu-gudu. Mafuta yakateremka kutoka kushoto, shwaa. Vikakutana chumbani kwa Kidoti, vikapishana, vikaendelea na safari. Kila kilichopita, alichota kidogo. Akachanganya, akapaka kwenye ufa, akalainisha. Vuguvugu likajaa chumbani, na kope za Chembe zikawa nzito kama za mtoto aliyebembelezwa.

Bonge akatuma zaidi. Tambo akazidisha. Mwisho Bonge, kashiba sifa, akaweka mdomo kwenye mrija, akapaza sauti:

"Wewe Tambo! Leo nimekushinda! Na sukari yako ilikuwa kidogo!"

"Sukari yangu? Si wewe uliyeniletea sukari?"

Mara, kutoka pande zote mbili:

"KIDOTI!"

"Abee."

"Mwongo mkubwa!" akanguruma Bonge. "Umetuchezea!"

"Na umetuibia!" akadakia Tambo.

"Nimechota, ndiyo," Kidoti akasema. "Niliomba mkaninyima, na mtoto alikuwa anakwisha. Kama nimewadhulumu, ung'oeni mrija."

Bonge akashika ncha yake. Tambo akashika yake. Bonge akaitazama ngozi yake. Ilikuwa laini, haikwaruzi. Tambo akalipapasa tumbo lake, lilikuwa mviringo.

"Ng'oa wewe kwanza," akasema Tambo.

"Kwa nini mimi? Ng'oa wewe!"

"Nitang'oa. Ngoja tu huu uji ulioko njiani ufike."

"Hata mimi yapo mafuta yanakuja. Yakimwagika ni dhambi."

Wakangoja. Na katika kungoja, kila mmoja akatuma kidogo tena, kwa siri, ili mwenzake asipate la kusema.

Chumbani katikati, Chembe akafumbua macho, akawasikia, akacheka kwa sauti. Ukuta wake ukatikisika wote, na haukuvuja hata tone.

Wanangu, amfungiaye jirani mlango huiacha riziki yake mwenyewe nje.